Siri ya Area 51 Haikuwa Chombo cha Anga

Mwaka 1998, miaka miwili baada ya filamu ya Independence Day kuvuma duniani, Stephen Molstad alichapisha Silent Zone, riwaya inayosimulia yaliyotangulia filamu hiyo. Mhusika wake mkuu, Brackish Okun, ni mwanasayansi kijana anayepelekwa Area 51, katika jangwa la Nevada, kuchunguza chombo cha viumbe wa anga za mbali kilichoanguka Roswell mwaka 1947. Ni kitabu cha burudani. Hata hivyo, kimejengwa juu ya dhana nzito ya kisiasa: kwamba ndani ya serikali iliyochaguliwa na wananchi yaweza kuwapo serikali nyingine, yenye fedha na wataalamu wake, isiyowajibika kwa yeyote. Katika filamu, hata Rais hakuwa ameambiwa.

Wasomaji wengi wa hadithi za aina hii huuliza iwapo chombo hicho kipo. Kwa maoni yangu, raia anapaswa kuuliza swali jingine: usiri huo unamlinda nani, na gharama yake inalipwa na nani?

Tuitazame historia yenyewe. Julai 1947 jeshi lilitangaza huko Roswell kwamba limepata kisahani kinachoruka, kisha upesi likabadili kauli na kusema ni puto la hali ya hewa. Ilichukua hadi mwaka 1994 kwa Jeshi la Anga kueleza kwamba mabaki yale yaelekea yalitokana na Mradi wa Mogul, maputo ya siri yaliyokusudiwa kunasa dalili za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Area 51 nayo ilianza mwaka 1955 kama uwanja wa majaribio ya U-2, ndege ya ujasusi iliyopaa zaidi ya futi 60,000, juu mno kuliko ndege za abiria za wakati ule. Waliouona mng'ao wake angani walidhani ni wageni kutoka sayari nyingine. Historia ya shirika la ujasusi, CIA, inadai kuwa zaidi ya nusu ya taarifa za vitu visivyotambulika angani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960, zilitokana na safari za ndege zake za siri. Maofisa walilijua hilo wakanyamaza.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hapa lilikuwapo jambo kweli, ila si lile lililosemwa. Uvumi ukawa pazia lililoshonwa na wananchi wenyewe, na wakubwa hawakuwa na haraka ya kulishusha.

Nyuma ya pazia hilo walikuwapo watu. Mwaka 1994 waliokuwa wafanyakazi wa kituo hicho, pamoja na wajane wa wenzao wawili, walifungua kesi wakidai kwamba taka zenye sumu zilichomwa katika mashimo ya wazi na moshi wake ukawaharibia afya. Walitaka kujua walivuta nini, ili watibiwe. Serikali ilijibu kwa hoja ya siri za dola. Mwaka 1995 Rais Clinton alikiondolea kituo hicho wajibu wa kutangaza taarifa za mazingira zilizohifadhiwa kwa siri, na hatimaye mahakama zikayatupa madai yao.

Sikatai kwamba zipo siri halali. Hakuna taifa linaloanika mipango yake ya ulinzi sokoni. Lakini kuficha umbo la ndege ni jambo moja, na kumficha mgonjwa jina la sumu aliyoivuta ni jambo jingine. Siri halali ina mipaka: ina sababu inayoelezeka, ina muda wa kukoma, na ina mkaguzi aliye nje ya ofisi inayoitunza.

Serikali isiyoheshimu mipaka hiyo hupoteza kitu kisichonunulika. Machi 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa ripoti ikisema haikupata ushahidi wowote wa vyombo vya viumbe wa nje. Wengi hawakuiamini, na ni vigumu kuwalaumu watu waliodanganywa tangu enzi za babu zao.

Tukumbuke pia kwamba historia ile ya CIA, iliyolitaja jina la Area 51 waziwazi, ilitolewa mwaka 2013 kwa sababu watafiti wa National Security Archive, katika Chuo Kikuu cha George Washington, waliiomba kwa kutumia sheria ya uhuru wa taarifa. Ombi lao lilikuwa la mwaka 2005. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti na aanzie hapo: aandike ombi, ahesabu siku, ahifadhi jibu. Na wewe mtumishi wa umma, kabla hujagonga muhuri wa SIRI juu ya jalada, jiulize kama unalilinda taifa au unamlinda bosi wako.