Simu isiyo na waya sebuleni: ujanja au ushamba?

  Wale walioamka na mning'inio wa jana, poleni, kunyweni maji mengi kisha mrudi hapa tuongee.

Wiki hii nataka tuzungumzie simu ya nyumbani. Siyo hiyo unayolala nayo chini ya mto ukisubiri meseji ya mtu asiyekujali. Nasema simu ya nyumba nzima, ile inayokaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, ikilia watu watatu wanaikimbilia.

Najua kuna washkaji wameshaanza kucheka. "Huyu naye, zama hizi simu ya mezani?" Tulieni kwanza. Kuna watu bado wanazo, na siku hizi kuna za kisasa zisizo na waya, zenye kioo cha kupangusa kama simu ya mkononi. Ukiiona dukani unatamani. Mimi niliitamani, na leo nawasimulia kilichonipata.

Shangazi yangu anakaa Upanga. Nyumbani kwake kuna laini ya TTCL ya waya, ile inayoanza na 022, ambayo marehemu mumewe aliipigania kweli kweli. Kwa wadogo zangu wasiojua, enzi za Shirika la Posta na Simu kupata laini nyumbani ilikuwa shughuli pevu. Unajaza fomu, unasubiri, unaweza kuoa na kupata mtoto laini haijaja. Simu ya mkononi iliingia mjini mwaka 1994 na Mobitel, na mwanzoni ilikuwa ya wenye nazo tu. Ndiyo maana shangazi hajaikata laini ile hata siku moja.

Bibi yangu, mama yake shangazi, anaishi hapo hapo. Ana kisukari na macho yamechoka. Simu ya kupangusa hataki hata kuisikia.

"Mume wangu, kitu hakina vifungo, nitabonyeza wapi?" huwa ananiuliza. Mume wake ni mimi, msishangae, ndivyo bibi zetu wanavyotutania.

Anayoijua yeye ni simu nyekundu ya mezani, yenye vifungo vikubwa na waya uliojisokota. Tatizo lilikuwa moja: simu iko sebuleni, chumba cha bibi kiko mwisho wa korido. Shangazi ni muuguzi, zamu za usiku haziishi. Bibi akitaka kumpigia usiku inabidi atembee gizani na fimbo yake, na siku moja aliteleza akaumia nyonga.

Basi mchezo wa upatu ulipomfikia shangazi, akaniita.

"Wewe si ndiyo unaandika gazetini mambo ya kisasa? Nitafutie simu isiyo na waya, bibi yako awe analala nayo."

Mimi na fomu foo yangu, kwa ukoo wetu ni injinia. Nikachukua mshiko, nikaingia Kariakoo, Mtaa wa Aggrey.

Pale niliona za aina mbili. Moja ilikuwa ya kawaida, vifungo na kioo kidogo, elfu themanini. Ya pili ilikuwa na kioo cha kupangusa, inatumia Android, imekuja kama mtumba kutoka Ulaya, laki mbili na nusu. Muuzaji akaniambia hii ya pili ni simu ya nyumbani na simu ya mkononi kwa pamoja, WhatsApp inaingia, kila kitu kinaingia.

Ukweli wa Mungu, ningetakiwa kuchukua ya elfu themanini. Lakini niliwaza nitakavyoonekana nikiiweka sebuleni. Ubishoo ukanizidi nguvu, nikalipa laki mbili na nusu za mama wa watu.

Nyumbani nikaichomoa simu nyekundu, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaisukuma chini ya kitanda. Nikachomeka kitako cha ile mpya, taa zikawaka, bibi akapiga makofi. WhatsApp ikagoma siku ile ile. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba simu nyingi za namna hii zilitoka zamani kidogo. Kwa mfano Gigaset SL930A na Panasonic KX-PRX120 ziliingia sokoni mnamo 2013 zikiwa na Android 4.0, wakati WhatsApp iliacha kukubali Android za chini ya 5.0 Oktoba 2023. Kwa hiyo unanunua kioo cha kupangusa ambacho hakina cha kupangusa.

Ila nisiwe mwongo, kitu kimoja kilinifurahisha. Niliweka picha ya shangazi kwenye kioo, bibi akiigusa simu inapiga. Akajifunza kwa siku mbili. Sauti nayo ilikuwa safi kama mtu yuko chumba cha pili.

Ijumaa dada wa kazi alikuwa amekwenda kwao msibani, nikaombwa nikalale na bibi. Shangazi akiwa mlangoni na mkoba wake wa kazini akaniambia, "Angalia luku." Nikasema sawa, shangazi. Nikawasha tivi, nikawasha feni, nikaangalia mpira, nikachezea simu yangu mpaka ikazima. Nikaichomeka kwenye chaji, nikalala kwenye kochi.

Saa nane usiku nikasikia naitwa. Sauti ya chini, kama ya mtu aliye mbali. Nikabonyeza swichi, giza. Luku ilikuwa imeisha, na kwa jinsi simu yangu ilivyogoma kuwaka, ilikuwa imeisha mapema.

Nilimkuta bibi amelowa jasho, mikono inatetemeka. "Sukari imeshuka," akaniambia, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa taabu.

Nikaikamata ile simu ya laki mbili na nusu pembeni ya mto wake. Kioo kikawaka vizuri kabisa. Picha ya shangazi hiyo hapo, anacheka. Nikaigusa. Ikaniandikia kwamba haikioni kitako chake. Nikaigusa tena, hivyo hivyo. Nilizunguka nayo nyumba nzima gizani nimeinyanyua juu kama mtu anayetafuta mtandao porini, na shangazi anaendelea kunichekea.

Niliporudi chumbani bibi akasema maneno manne: "Ile nyekundu iko hai."

Nikapiga magoti, nikaivuta kutoka chini ya kitanda, nikakimbia nayo sebuleni, nikachomeka waya wake ukutani. Nikaweka sikioni. Tuuuuu. Jamani, sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule.

Sasa kichekesho. Namba ya shangazi siijui. Namba ya mama yangu mzazi siijui. Ya demu wangu ndiyo kabisa. Zote ziko kwenye simu iliyozima. Nikapiga kelele koridoni, na bibi, kwa sauti ile ile ya taabu, akanitajia namba ya mwanawe kutoka kichwani, tarakimu kumi bila kukosea.

Shangazi akapokea mara moja. "Yuko macho? Anaweza kumeza? Mpe maji ya sukari, vijiko vinne vya chai, sasa hivi. Usikate simu." Nikaacha mkono wa simu mezani, nikawa nakimbia jikoni, chumbani, sebuleni, natoa ripoti, narudi. Baada ya robo saa hivi jasho likakauka, bibi akaanza kuongea vizuri. Ndipo mimi nikakaa chini kwenye sakafu ya korido, miguu imeisha nguvu.

Asubuhi bibi alikuwa anakunywa uji kama hakuna kilichotokea. Akaiangalia ile simu ya kioo, akaniangalia mimi.

"Mume wangu," akasema, "hiyo yako ni simu ya mchana."

Hebu tueleweshane sasa, maana hapa ndipo wengi tunapoingizwa mjini. Simu ya mezani ya zamani, kama laini yako ni ya waya wa shaba, haihitaji umeme wa nyumbani kwako. Umeme mdogo, kama volti 48, unatoka kwenye kituo cha simu kupitia waya ule ule, na vituoni kuna mabetri na jenereta. Mtaa mzima unaweza kuwa giza, wewe unapiga stori.

Simu isiyo na waya ni hadithi nyingine. Mkono wake una betri, lakini kinachozungumza na laini ni kitako, na kitako kinakula umeme wa ukutani. Luku ikiisha kitako kinakufa, na mkono unabaki pambo. Iwe ya kioo, iwe ya vifungo, ni yale yale. Na wale mlioingiziwa simu kupitia mkongo, ile nyaya ya fiba, jueni kwamba kiboksi chenu pia kinataka umeme. Huko hata simu nyekundu haisaidii kama kiboksi hakina betri.

Siyo kwetu tu. Uingereza walipanga kuzima mtandao wao wa zamani wa simu za mezani, mwisho ukapangwa Januari 2027, na kilichowasumbua zaidi ni wazee wanaoishi peke yao. Mamlaka ya mawasiliano ya kule inataka kampuni ziwape wanaotegemea simu ya nyumbani kitu cha kuwawezesha kupiga simu ya dharura angalau kwa saa moja umeme ukikatika.

Je, ununue au uache? Ushauri wangu ni huu.

Kwanza, kama nyumbani hakuna laini ya waya, usijisumbue. Kuna simu za mezani zinazotumia laini ya kuchomeka kama ya mkononi, zina vifungo vikubwa na betri ndani. Kwa mzee ndiyo zenyewe, mradi iwe na chaji na salio.

Pili, kama laini ipo na nyumba ni kubwa, chukua isiyo na waya ya kawaida. Za kisasa zinatumia mfumo unaoitwa DECT, mazungumzo yanafichwa, siyo kama zile za zamani ambazo jirani mwenye redio ya kunasa masafa aliweza kusikia umbea wako wote. Ndani ya nyumba inafika kama mita 50 na kwenye uwanja wazi hadi 300, lakini kuta za zege zinapunguza. Tafuta yenye betri ndogo za kuchaji zinazouzwa kila mahali, zikichoka unabadilisha mwenyewe.

Tatu, ndugu akitaka kukutumia kutoka Marekani mwambie asante, aache. Za kule zinatumia masafa ya 1920 hadi 1930 MHz, ambayo kwetu yametengwa kwa simu za mkononi, na adapta nyingi za kule ni za volti 120. Ukichomeka kwenye 230 zetu utasikia harufu. Za Ulaya ni 1880 hadi 1900 MHz.

Nne, ya kioo cha kupangusa usinunue. Kazi zake zote simu yako ya mkononi inafanya vizuri zaidi, na kazi moja ya simu ya nyumbani, yaani kuwa hai wakati vingine vimekufa, haiwezi.

Tano, ukinunua yoyote isiyo na waya, ile ya zamani usiitupe. Iache imechomekwa.

Mnataka kujua sisi tuliishia wapi? Muuzaji alikataa kuirudisha. Niliiuza kwa mtu mwingine laki moja na nusu, baada ya kumweleza ukweli wote, na ile laki iliyopotea namlipa shangazi kidogo kidogo kutoka kwenye malipo ya safu hii. Kwa hiyo mkiisoma mnanisaidia.

Kisha tukamwita fundi. Akavuta waya kutoka sebuleni, akaupitisha juu ya korido hadi kwa bibi, mita kumi na tano, akaweka soketi pembeni ya kitanda. Waya na ufundi, elfu ishirini na tano. Simu nyekundu sasa iko mkononi mwa bibi akiwa amelala, na pembeni yake kuna kopo la sukari na kijiko. Nimebandika karatasi ya herufi kubwa: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto. Namba ya shangazi sikuiandika. Bibi alinikataza, alisema hiyo anayo.

Mimi nimeshakariri tatu: ya mama, ya shangazi na ile ya 022. Ya demu bado naifanyia kazi, naye ameshanuna. Wewe je, simu yako ikizima usiku wa leo, unamjua nani kwa kichwa?

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na kabla hujalala, angalia luku.