HOFU YA MZAZI ISIGEUZWE BIASHARA

Hapana mzazi asiyeijua hofu ya usiku. Mtoto amelala kimya, na mama huinama juu yake kusikiliza kama anapumua. Wahenga waliifupisha hofu hiyo waliposema kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katika miaka hii ya karibuni hofu hiyo hiyo imepata mfanyabiashara wake. Katika Marekani na Ulaya zinauzwa soksi, mikanda na vibanio vinavyovishwa mtoto mchanga alalapo, vikapima mapigo ya moyo wake na kiasi cha oksijeni kilichomo katika damu yake, kisha vikapeleka habari hizo kwenye simu ya mzazi.

Vifaa hivi havitachelewa kuvuka bahari. Jamaa zetu walioko Maskati, Dubai na London hututumia zawadi, wafanyabiashara wetu huagiza mizigo, na matangazo yanayokuja kwa simu hayapiti forodhani. Kwa hiyo yatupasa sote, wananchi wa Unguja na Pemba pamoja na watumishi wa serikali, tujue mapema tunauziwa nini.

Kwanza tuipe sayansi haki yake. Kipimo cha oksijeni kwa mwanga ni miongoni mwa vifaa vyenye manufaa makubwa katika tiba ya leo. Msingi wake uliwekwa na mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Taa mbili ndogo, moja ya mwanga mwekundu na nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho, humulika kidole au unyayo. Damu yenye oksijeni tele hunywa mianga hiyo kwa namna tofauti na damu iliyopungukiwa, na tofauti hiyo hugeuzwa kuwa hesabu. Hapana sindano wala maumivu. Kwa mgonjwa aliye mahututi, kifaa hiki humjulisha muuguzi hatari ambayo jicho lake pengine lisingeiona kwa wakati.

Lakini kifaa kinachofaa hospitali huenda kisifae kila mahali. Suali letu ni hili: je, mtoto mwenye afya aliyelala nyumbani huokolewa na kifaa hiki kutokana na kifo cha ghafla? Kadhia ya Marekani ina mafunzo makubwa katika jambo hili.

Mwaka 1972 daktari Alfred Steinschneider alichapisha makala iliyodai kwamba vifo vya ghafla vya watoto usingizini hutanguliwa na vipindi vya kukatika pumzi, na kwamba udhaifu huo huweza kuwa wa ukoo. Ushahidi wake mkubwa ulitokana na familia moja iliyopoteza watoto watano. Baada ya hapo maelfu ya watoto walifungwa mitambo ya kengele majumbani mwao. Mwaka 1995 mahakama katika jimbo la New York ilimtia hatiani mama wa familia ile ile kwa kuwaua watoto wake wote watano. Nadharia iliyobeba biashara nzima ilikuwa imejengwa juu ya mchanga.

Mwaka 2001 ukatoka uchunguzi wa watoto 1,079 waliopimwa majumbani kwao. Katika watoto 306 waliozaliwa kwa wakati wakiwa na afya, asilimia 43 walipata angalau tukio moja la pumzi au mapigo ya moyo ambalo lingeiamsha kengele, na hali walikuwa wazima. Kumbe kengele hulia hata pasipo hatari. Mama aliyeamshwa hivyo mara tatu usiku hukimbilia hospitali na mtoto asiye mgonjwa, au huchoka na kukizima kifaa.

Basi ni nini kilichowaokoa watoto wa nchi hizo? Ni jambo lisilouzwa dukani. Uingereza mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, zilianzisha kampeni za kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali badala ya kifudifudi. Katika miaka iliyofuata, vifo vya ghafla usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Neno moja la afya lililofikishwa nyumba hadi nyumba lilifanya kazi ambayo mitambo haikuweza kuifanya.

Vifaa vya kisasa navyo vimepimwa. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vifaa viwili vilivyokuwa vikiuzwa kwa wazazi. Kimoja kilitambua upungufu wa oksijeni, lakini si kwa uthabiti; cha pili hakikuutambua hata mara moja. Mwaka 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliionya kampuni ya Owlet kwa kuuza soksi yake bila idhini ya kifaa cha tiba, na soksi hiyo ikaondolewa katika soko la Marekani. Mwaka 2023 kampuni ilipata idhini kwa soksi nyingine. Hayo ni maendeleo, na yanastahili kutajwa. Hata hivyo, idhini ya kupima si ushahidi wa kuzuia kifo. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinawashauri wazazi wasitumie vifaa vya namna hii kuwa ndiyo njia ya kujikinga na kifo cha ghafla.

Kwa upande wetu wa visiwani ziko sababu nyingine tatu za kutahadhari. Ya kwanza ni rangi ya ngozi. Mwanga hupita katika ngozi kabla ya kuifikia damu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kuwa, kwa wagonjwa wazima waliolazwa nchini Marekani, kipimo hicho kilishindwa kuuona upungufu wa oksijeni kwa watu weusi karibu mara tatu zaidi ya kilivyoshindwa kwa weupe. Yaani kilisema hali ni njema na hali si njema. Sababu ya pili ni umeme. Nani Unguja aliyesahau miezi ile mitatu ya giza, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010? Kifaa kinachohitaji chaji na intaneti kila usiku ni mlinzi anayeweza kuondoka zamu bila ya kuaga. Ya tatu ni gharama. Soksi moja imekuwa ikiuzwa kwa karibu dola 300 za Marekani, ambazo ni zaidi ya shilingi 700,000. Fedha hizo ni chakula cha mama anayenyonyesha, na ni nauli ya kumfikisha mtoto kituoni siku anapougua kweli.

Wako watakaosema kuwa maneno haya ni kuukataa usasa. La hasha. Zanzibar ilikwisha kuonesha namna simu inavyoweza kumtumikia mama. Katika mwaka 2009 na 2010 ulifanywa uchunguzi katika vituo 24 vya afya, uliohusisha wanawake wajawazito 2,550. Waliopelekewa ujumbe na kupewa njia ya kuwasiliana na wakunga kwa simu walijifungua mikononi mwa watu wenye ujuzi kwa asilimia 60, na wenzao kwa asilimia 47. Simu hapo haikujifanya mkunga. Ilimfikisha mama kwa mkunga.

Tanzania pia imejifunza kwamba vifo vingi vya watoto wachanga hutokea katika siku za mwanzo, kwa sababu ya kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, na maambukizo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya mafunzo waliyopewa wakunga katika hospitali nane nchini, ya kumsaidia mtoto asiyevuta pumzi kwa kumkausha, kumchua na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa yake. Vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Mwaka 2021 uchunguzi wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulithibitisha kuwa watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa kwa asilimia 25 pungufu kuliko waliosubirishwa hadi hali zao zitengemae.

Hapo ndipo mwanga wa Aoyagi unapohitajika. Mtoto njiti anayepewa oksijeni huumia ikipungua, na ikizidi huweza kupofuka. Hapana jicho la muuguzi linaloweza kuikadiria oksijeni ya damu bila kipimo. Mtoto mwenye homa ya mapafu naye hupaswa kujulikana mapema kama anahitaji oksijeni au la.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo matatu. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar uvihesabu vifaa hivi kuwa vifaa vya tiba, usiwaachie wauzaji kuahidi kwamba soksi huzuia kifo. Wizara ya Afya ihakikishe kuwa kila wodi ya wazazi na kila kituo kinacholaza watoto kina kipimo cha oksijeni cha saizi ya mtoto mchanga, betri za akiba, na mtu aliyefunzwa kukisoma na kutenda. Tatu, nasaha ya malazi salama itolewe kliniki na misikitini, na isomeshwe skulini kwa wasichana na wavulana.

Nasaha yenyewe ni nyepesi. Mtoto alazwe chali, juu ya godoro lililokaza, ndani ya chandarua, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso wake. Anyonyeshwe. Asivutiwe sigara. Na mzazi ambaye daktari amemwagiza kumpima mtoto wake nyumbani kwa sababu ya ugonjwa afuate agizo la daktari. Maneno yetu hayamhusu.

Walimu wetu wa chuoni walitufundisha kuwa kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kumfunga mnyama wake. Lakini kamba ni lazima iwe kamba. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kinachojitembeza kwa kumtia mzazi hofu kwanza, kisha kumuuzia utulivu, tukiulize ushahidi kabla ya kukifungulia mlango.