Usichokibeba Utakiazima

Kila siku, kabla jua halijachomoza, wasafiri husimama kando ya barabara pale Nateete wakingoja magari ya Masaka na Mbarara, na wengine ya Mityana na Mubende. Mahali hapa ni kama mlango wa magharibi wa mji wa Kampala. Mbele kidogo, huko Busega, njia hizo mbili huachana. Miongoni mwa wasafiri hao hawakosekani askari wa jeshi na wa polisi: huyu anakwenda likizo, huyu amehamishwa kituo, yule anarudi kambini. Kila mmoja ana shanta au begi lake. Juma hili twataka kuzungumza juu ya kitu ambacho aghalabu hukosekana ndani ya begi hilo, nacho ni vyombo vya usafi wa mwanamume.

Askari hahitaji kufundishwa usafi. Kambini hunyoa ndevu asubuhi, hupiga viatu rangi, hutandika kitanda chake, na mkubwa wake hupita kumkagua. Lakini safarini hakuna ukaguzi. Mtu ambaye kambini ni mfano kwa wenzake, akilala usiku mmoja tu katika nyumba ya wageni au kwa jamaa, utamsikia akiuliza: "Ndugu yangu, una wembe hapo? Hebu nipe na taulo lako." Hapo ndipo hatari inapoanza. Kitu usichokibeba utakiazima, na vyombo vya usafi si vitu vya kuazimana.

Tuutazame wembe kwanza. Wembe ukikata ngozi huchukua damu, japo kidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B vyaweza kukaa nje ya mwili wa mtu, katika damu iliyokauka, muda wa siku 7 au zaidi, na bado vikawa na nguvu ya kuambukiza. Mwenye wembe huenda haonekani mgonjwa, wala mwenyewe hajui kwamba ana virusi hivyo. Anayeazima hupeleka ugonjwa nyumbani. Mkewe huweza kuambukizwa katika unyumba, na mama mjamzito huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Baada ya miaka mingi ini huweza kuharibika au kupata saratani. Ndiyo maana twasema kwamba wembe wa shilingi chache ni jambo la jamaa nzima.

Ugonjwa huo una chanjo. Katika Uganda chanjo hiyo iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hiyo mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajapata kuchanjwa. Na aende akaulize katika kituo cha afya, apimwe damu, na ikiwa hana ugonjwa achanjwe.

Katika kunyoa kwenyewe, lainisha ndevu kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Nyoa kwa kufuata upande zinakolala, bila kuivuta ngozi na bila kurudia mahali pamoja mara nyingi. Ndevu zetu ni za kujikunja. Zikikatwa mno, ncha hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele shingoni na kidevuni. Wembe uliokwisha tumika usitupwe uani wanakocheza watoto, bali utiwe katika kopo lenye kifuniko.

Pili ni taulo na nguo za ndani. Upele na fangasi havichagui cheo. Taulo bichi la mtu mwingine, suruali ya ndani iliyovaliwa siku mbili, na shuka za nyumba ya wageni zisizofuliwa, vyote ni njia ya magonjwa hayo. Chukua taulo dogo, maana dogo hukauka upesi, na shuka moja nyepesi ya kutandika juu ya ile uliyoikuta. Suruali za ndani tatu zatosha safari ya siku nyingi: moja mwilini, moja kambani, moja katika begi. Ifue uliyoivua usiku uleule, na iwezekanapo uianike juani, si chini ya godoro.

Tatu ni miguu. Nateete iko bondeni, karibu na mfereji wa Nalukolongo, na mvua kubwa inyeshapo maji hutapakaa barabarani. Msafiri hupanda gari viatu vimelowa, kisha huketi navyo saa nne au tano hadi Mbarara. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, maelfu ya askari katika mahandaki ya Ulaya waliondolewa vitani, si kwa risasi, bali kwa miguu iliyoharibika kwa kukaa katika soksi na viatu vilivyolowa. Wakubwa wao waliamuru kila mtu akaushe miguu na abadili soksi mara kwa mara. Amri hiyo yafaa hata leo. Beba soksi jozi tatu na malapa. Ukiisha kuoga, kausha katikati ya vidole, kwa maana hapo ndipo fangasi huanzia. Nayo malapa uyavae bafuni, usikanyage sakafu iliyokanyagwa na wageni mia.

Nne ni mikono. Nani apitaye Lukaya, kwenye njia ya Masaka, asinunue kuku wa kuchoma au gonja dirishani mwa gari? Chakula hicho ni kitamu, wala hatumkatazi mtu. Lakini mkono huohuo umeshika noti, mlango wa gari na kiti. Mwaka 2015 mji wa Kampala ulipatwa na mlipuko wa homa ya matumbo, na maji machafu pamoja na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo vilionekana kuwa njia ya ugonjwa. Mwaka 2022 Ebola ilianzia wilaya ya Mubende, na kila abiria wa njia ile alikumbushwa kunawa kwa sabuni. Basi chukua chupa ya maji safi ya kunywa, na nyingine ndogo ya kunawia pamoja na kipande cha sabuni. Nawa kabla ya kula, na kila utokapo chooni.

Sasa tuje katika kufungasha. Shona, au ushonewe, mfuko mdogo wa kitambaa wenye kamba ya kufungia. Ndani yake tia vitu hivi: kipande cha sabuni kilichokatwa katika mche na kutiwa kikoponi, mswaki na dawa ya meno, nyembe mpya katika karatasi zake, kitana, kikata kucha, leso mbili, na dawa ulizoandikiwa na daktari, kama unazo. Mswaki uukung'ute na kuukausha kabla ya kuufunika, kwa kuwa ukifungwa ukiwa na maji hunuka na kuota uchafu.

Katika begi, viatu vikae chini vikiwa vimefungwa karatasi. Juu yake panga nguo nzito, kisha shati na sare iliyopigwa pasi. Chandarua na ule mfuko mdogo viwe juu kabisa, ili ufikapo usiku uvipate bila kupekua begi zima gizani. Weka pia mfuko mtupu wa nguo chafu. Nguo chafu na safi zisilale pamoja.

Akina mama wengi huwafungashia waume zao, na huo ni wema. Hata hivyo mwenye safari ndiye ajuaye siku atakazolala nje. Na ajikague mwenyewe kabla ya kutoka, kama ambavyo angekaguliwa kambini.

Kazi haimaliziki kwa kufika nyumbani. Begi la safari lisiwekwe kitandani, kwani kunguni hujificha katika mishono yake. Lifungulie nje, likung'ute, ulianike juani. Nguo zote zifuliwe, hata zile ambazo hukuzivaa. Ukianza kuwashwa usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni, usione haya kwenda kwa mganga wa kituo cha afya. Upele hutibiwa kwa watu wote wa nyumba siku moja. Akitibiwa baba peke yake, utamrudia kutoka kwa watoto aliowaambukiza.

Baada ya hayo, jaza tena ule mfuko mdogo: sabuni mpya, nyembe mpya. Utundike msumarini karibu na mlango. Wito wa kikosi hauna saa, na askari aitwaye usiku hapati nafasi ya kwenda dukani.