Vishikwambi shuleni bila fedha za kuvitunza ni hasara

WANAFUNZI wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBC) waliingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, huku kila mmoja akihitajika kufuata mmoja wa mikondo mitatu, ukiwemo ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtaala huo unataja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba ambao kila mtoto anapaswa kuupata. Je, shule za umma zina uwezo wa kuufundisha?

Safari yenyewe ilianza na ahadi ya kampeni za 2013, kwamba kila mtoto wa Darasa la Kwanza angepewa kipakatalishi. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa 2014. Mradi ulifufuliwa 2016 kwa vishikwambi, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vilifikishwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Projekta na vipakatalishi vya walimu viliandamana navyo, na shule nyingi zikaunganishiwa umeme. Kwa ununuzi, serikali haikufanya uchoyo.

Kilichosahaulika ni jambo ambalo mkulima yeyote analijua. Anayenunua trekta huweka kando pesa za dizeli, magurudumu na fundi, na hujua kwamba thamani yake hupungua kila mwaka. Kishikwambi nacho betri yake huchoka baada ya miaka michache. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka. Shule ya watoto 300, hata ikipokea mgao wote kwa wakati (jambo lisilo la kawaida), hupata Sh426,000 za vitabu, chaki, umeme na ukarabati wa madarasa. Mwalimu mkuu gani atatoa humo pesa za betri 60? Wengi waliona heri kuvifungia kabatini visije vikaibwa. Covid-19 ilipofunga shule Machi 2020, masomo yalipitia redio na televisheni, huku vishikwambi vingi vikisalia humo humo kabatini.

Aidha, kuna suala la matumizi. Kwa mtoto wa Trans Nzoia au Uasin Gishu, teknolojia tayari iko shambani: mbolea ya ruzuku, ambayo mwaka 2023 iliuzwa Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50, mzazi wake huifuata baada ya kupokea arafa kwenye simu. Somo la Kilimo katika sekondari ya msingi lingeanzia hapo. Mwanafunzi akiingiza uzani na unyevu kwenye tarakilishi, ataona kwamba gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18 hubaki na kilo 85 hivi likikaushwa hadi asilimia 13.5, kiwango kinachohitajika na NCPB. Basi atajua kama bei ya broka anayenunua mahindi mabichi langoni inamfaa babake au inamnyonya. Kwa somo kama hilo, tarakilishi moja, mizani na kipima unyevu vinatosha darasa zima.

Bajeti husomwa Juni. Wizara ya Elimu inaweza kuomba kifungu cha matengenezo ambacho hakitahamishiwa chaki wala mishahara ya walinzi. Tena ieleze wazi nani hulipa kifaa kikiibwa, kwani mwalimu mkuu anayehofia kukatwa mshahara hatatoa funguo za kabati.