Kwale: Mgeni akisafiri ni mtalii, mwenyeji akisafiri ni mshukiwa

KILA mwisho wa juma, matatu zitokazo Likoni hushusha vijana wageni katika makutano ya Ukunda. Baadhi wametoka Nairobi kwa gari moshi, wengine Kampala, na wengine ng'ambo. Kila mmoja ana mkoba mgongoni, simu mkononi na ratiba aliyojipangia mwenyewe: leo Diani, kesho Wasini, kesho kutwa Shimba Hills, na Mungu akijalia, avuke mpaka wa Lunga Lunga aingie Tanga. Hana mwenyeji wala kiongozi wa msafara. Waendeshaji bodaboda na tuktuk humwita mtalii na kumpokea kwa bashasha.

Katika kituo hicho hicho, kijana wa Msambweni aliyebeba mkoba kama ule akitaka kupanda basi peke yake huulizwa mengine. Waenda wapi? Kwa nani? Wazazi wako wanajua? Kitambulisho kiko wapi? Akiwa ni binti, maswali huongezeka maradufu, na jibu lake, hata liwe la kweli namna gani, huacha minong'ono nyuma yake.

Tofauti hiyo yastahili kudadisiwa. Kwa nini safari ya peke yako ihesabiwe kuwa ushujaa kwa mtoto wa mgeni na ihesabiwe kuwa dalili ya maovu kwa mtoto wa mwenyeji? Na je, hofu ya wazazi wa Kwale ina msingi, au ni mazoea tu yanayowafungia watoto wao nyumbani huku walimwengu wakija kuitazama bahari yao?

Tuanze na mabadiliko yenyewe. Gari moshi la Madaraka Express lilipozinduliwa Mei 31, 2017, safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipungua hadi takriban saa tano. Nauli ya daraja la kawaida, iliyoanza kwa Sh700, ilipandishwa mara kadhaa na kufikia Sh1,500 Januari 2024. Hata kwa bei hiyo, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyejiwekea akiba kidogo aweza kuamka Nairobi asubuhi na kulala Diani usiku. Simu humwonyesha njia, humtafutia chumba na kumlipia.

Wenye hoteli nao walijifunza kwa uchungu thamani ya msafiri wa nyumbani. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwatorosha watalii wa Ulaya pwani yote ya kusini. Mei 2014, Uingereza ilipowashauri raia wake waepuke Mombasa, vitanda vilibaki vitupu na wafanyakazi wakarudishwa makwao. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha safari za ndege za kimataifa tangu Machi hadi Agosti. Kila mara mgeni wa ng'ambo alipotoweka, ilibainika kwamba biashara isiyomjali Mkenya ina mguu mmoja. Ndiyo sababu leo kijana wa bara anayesafiri peke yake anabembelezwa.

Lakini kijana wa Kwale mwenyewe hayumo katika hesabu hiyo. Yeye huhesabiwa kama mpishi, mlinzi, nahodha wa mashua au mchuuzi wa ufuoni. Anatarajiwa kuwapokea wasafiri, si kuwa mmoja wao.

Jambo hili linashangaza zaidi ukizingatia historia. Kusafiri hakukuletwa pwani hii na Wazungu wenye mikoba. Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, bila rafiki wala msafara. Mnamo 1331 alilala usiku mmoja Mombasa kabla ya kuendelea na safari ya Kilwa, na chombo kitokacho Mombasa kwenda Kilwa hakina budi kuipita pwani ya Kwale. Karne nyingi baadaye, mwaka 1896, Salim bin Abakari alifuatana na mwajiri wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia. Masimulizi yake ya Kiswahili kuhusu safari hiyo yalitiwa katika kitabu Safari za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901. Kwa hivyo, fasihi ya safari tunayo, tena kwa lugha yetu.

Wala si vitabuni tu. Wavuvi wa Vanga, Shimoni na Wasini wamezoea kwenda dago, yaani kuhama kwa msimu na kupiga kambi katika ufuo wa mbali kuwafuata samaki. Kwa vizazi vingi dago limekuwa chuo cha vijana. Aliyeondoka mvulana alirejea akijua kusoma upepo, kupika, kuweka akiba na kuishi na watu asiowajua.

Dago, hata hivyo, lina kanuni zake. Nahodha anajulikana. Msimu unajulikana, kwani hakuna mwenye akili anayekipeleka chombo kidogo mbali wakati kusi limechacha. Ufuo wa kufikia unajulikana, na waliobaki nyumbani wanajua lini wamtarajie mtu wao. Msomaji azishike kanuni hizo nne, kwa maana tutazirejelea.

Ni nini basi kilichoivunja imani ya wazazi? Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Katika miaka iliyofuata kuingia kwa majeshi ya Kenya nchini Somalia Oktoba 2011, familia kadhaa za Kwale ziliamka zikakuta kitanda cha kijana ki kitupu. Wengine waliaga kwamba wanakwenda kutafuta kazi, wengine hawakuaga kabisa. Habari zilipopatikana, zilitoka upande wa pili wa mpaka, katika kambi za Al-Shabaab. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Joseph Nkaissery, alitoa muda wa siku 10 kwa vijana waliojiunga na kundi hilo wajisalimishe na kupewa msamaha. Mwaka 2017, Kwale ikawa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuzindua mpango wake wa kukabiliana na itikadi kali.

Tangu hapo, kijana anayefunga mkoba hutazamwa kwa macho mawili: la mzazi anayeogopa kumpoteza, na la afisa anayeogopa kumkosa. Waliorejea waliishi wakihofia polisi upande mmoja na wenzao wa zamani upande wa pili. Katika mazingira hayo, baba anayemkataza mwanawe kusafiri si mjinga. Anafanya hesabu kwa takwimu za mtaani kwake.

Kuna pia safari za Ghuba. Mabinti wengi wa pwani wameondoka kwenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia na nchi jirani zake. Wako waliofanikiwa, wakajenga nyumba na kuwasomesha wadogo zao. Wako pia waliopokonywa pasipoti siku waliyofika, na waliorudi ndani ya sanduku. Na tangu mwaka 2022 kumeripotiwa visa vya vijana Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar, wakilazimishwa kulaghai watu mitandaoni.

Hapa ndipo uchanganuzi wetu unapofikia kiini. Ukizilinganisha safari hizi zote za maafa, utaona kwamba kusafiri peke yake silo lililomwangamiza kijana. Kinachozifananisha ni mambo matatu. Mosi, mpango wa safari haukuwa wake. Ulipangwa na mtu mwingine. Pili, nauli ililipwa na mtu huyo, na deni lake halikutajwa. Tatu, aliagizwa anyamaze, asimwambie mama wala rafiki. Wahenga wa pwani, waliokuwa mabaharia, walilisema hilo zamani: usisafirie nyota ya mwenzio.

Sasa mtazame yule kijana mwenye mkoba anayeshuka Ukunda. Amejilipia nauli. Ameichora njia mwenyewe. Kila jioni anamtumia dada yake picha ya alipolala. Ana tarehe ya kurudi. Bila kujua, anafuata kanuni za dago. Kinyume chake, kijana aliyetoroshwa usiku huenda akawa ameandamana na watu watano garini, na hata hivyo ndiye aliye peke yake, kwa sababu hakuna ampendaye ajuaye aliko.

Kwa hivyo, tunapomkataza kijana safari ya wazi, hatumzuii kuondoka. Tunamfundisha kuondoka kwa siri. Na safari ya siri ndiyo mlango wa mawakala.

Hofu, hata hivyo, si kizingiti pekee. Kipo pia cha karatasi. Bila kitambulisho cha taifa, kijana hakati tiketi ya gari moshi kwa jina lake, hapiti kizuizi cha polisi kwa amani wala haombi pasipoti. Hakuna eneo linalolijua jambo hili kuliko Msambweni. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi hapa kwa miongo mingi bila uraia. Oktoba 2016 mamia yao walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi, sehemu kwa miguu, kwenda kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na mwanzoni mwa 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani nao walisubiri hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipowatambua.

Tafakari uzito wa jambo hilo: watu walifunga safari ndefu kuliko zote maishani mwao ili wapate haki ya kusafiri.

Mpaka nao una kinaya chake. Tangu 2014 Mkenya aweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Lakini kwenda Tanga, ambako wakazi wa Vanga na Lunga Lunga wana shangazi na wajomba, anahitaji pasipoti au hati ya muda ya safari. Kijana anayejiona hana haja ya karatasi kwenda kwa jamaa zake hupitia njia ya panya. Humo hukutana na wasafirishaji wa magendo, na huko mbele hukutana na mkono wa sheria.

Suala la mabinti halifai kufichwa. Binti wa kigeni anayetembea peke yake ufuoni Diani hutazamwa kwa udadisi. Binti wa Kidigo akifanya hivyo hutungiwa hadithi. Wazazi wanaotaja heshima na mafunzo ya dini wana haki ya kusikizwa. Lakini yapo mambo ambayo heshima haiyakatazi: binti kwenda na mwenzake, kufikia kwa jamaa, kusafiri mchana, kuacha nambari ya dereva kwa mamake. Inashangaza kuona familia ikimkatalia binti safari ya siku mbili kwenda Mombasa kuona chuo, kisha mwaka mmoja baadaye ikimkabidhi kwa wakala asiyemjua ampeleke Riyadh kwa miaka miwili.

Wapo watakaosema kwamba safari ni anasa, na kwamba kijana asiye na karo atapata wapi nauli. Hoja hiyo ina uzito. Lakini safari ya kwanza si lazima iwe ya mbali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 katika Kaunti ya Kwale. Ni wangapi kati ya vijana wao waliowahi kumwona palahala wa Shimba Hills, mnyama asiyepatikana porini kwingine kokote nchini? Ni wangapi waliotembea juu ya daraja la mbao katika mikoko ya Gazi, au kushuka katika pango la Shimoni linalosimulia machungu ya utumwa? Ni wangapi wa Diani waliojifunga kaniki wakaingia Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2008? Yote hayo yafikika kwa matatu na bodaboda, na mtu akarudi kulala kwake.

Wanaoweza kusaidia wanajulikana. Serikali ya kaunti, inayotumia fedha kuitangaza Diani, ingeweza kutenga siku za vijana wenyeji kuingia vivutio kwa bei nafuu. Shule na madrasa zingeweza kumfunza mwanafunzi kupanga safari: kukadiria gharama, kuuliza hali ya bahari, kukataa mashua isiyo na maboya ya kujiokolea, kuacha ujumbe nyumbani. Maafisa wa usajili wangewahudumia vijana wa mpakani bila kuwazungusha miezi na miaka. Na wazazi wangebadilisha swali. Badala ya "nani amekuruhusu?", waulize zile kanuni za dago: unakwenda na nani au kwa nani, wakati gani, utafikia wapi, na turejee kukutazamia lini?

Kijana mwenye majibu manne apewe baraka zake na nauli ya kumpunguzia mzigo. Asiye na majibu azuiwe, lakini kwa mazungumzo. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini hurejea ngamani yule aliyeondoka chomboni machana, watu wakimwona.