Mpangilio wa Kiwandani Ndio Sheria ya Wengi

Mpangilio wa kiwandani ni hali ambayo simu au programu huja nayo kabla mwenyewe hajagusa kitu, na watu wengi hubaki nao hadi kifaa kinapokufa. Hata hivyo, mtu akilalamika kuwa bando lake limeliwa na video zinazojicheza zenyewe, au kwamba ameingizwa kwenye kundi la watu asiowajua, jibu la wajuzi ni lile lile: aende kwenye mipangilio abadilishe. Jibu hilo limezoeleka hadi likaonekana hekima, kumbe ni kisingizio cha kumvua mtengenezaji wajibu na kumtwika mnunuzi.

Ushahidi umo katika vitabu vya kampuni zenyewe. Kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilifichua kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili mtambo wake wa kutafuta uwe ndio wa mwanzo kwenye kivinjari cha Safari. Mwenye iPhone anaweza kuubadilisha wakati wowote. Lakini kama watu wangekuwa wanabadilisha, nani angelipa dola bilioni 20? Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kuwa Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na mikataba ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha uamuzi wake.

Apple nayo ilithibitisha jambo hilo hilo. Kwa miaka mingi iPhone ilikuwa na swichi ya kupunguza ufuatiliaji wa matangazo, lakini ilikuwa imefukiwa ndani ya mipangilio. Aprili 2021, toleo la iOS 14.5 lilizilazimisha programu kumwomba mtumiaji ruhusa kwanza. Februari iliyofuata, Meta, mmiliki wa Facebook, ilikadiria kuwa badiliko hilo lingeigharimu takriban dola bilioni 10 ndani ya mwaka 2022. Watu walikuwa wale wale, na hiari ya kukataa walikuwa nayo tangu zamani. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia.

Katika usalama, gharama huangukia asiyejua. Mwaka 2016 WhatsApp iliwawashia watumiaji wake wote, zaidi ya bilioni moja, usimbaji fiche unaowafanya mtumaji na mpokeaji pekee waweze kuusoma ujumbe. Hakuna aliyetakiwa kubonyeza chochote. Telegram, inayojinadi kwa usiri, imeuweka ulinzi huo kwenye mazungumzo ya siri ambayo mtumiaji lazima ayaanzishe mwenyewe, na kwenye makundi haupo. Muuza samaki asiyewahi kulisikia neno usimbaji analindwa na ya kwanza. Ya pili inamtaka kwanza awe mtaalamu.

Wapo wanaodai kuwa kumchagulia mtumiaji ni kumfanya mtoto. Hoja hiyo haina miguu. Hakuna programu isiyochagua: hata kisanduku kilichoachwa bila alama ya tiki ni uamuzi wa mtu fulani ofisini. Tena wengi wanaohubiri uhuru wa mtumiaji ndio wanaoficha kitufe cha kukataa nyuma ya menyu baada ya menyu, na masharti yao wameyaandika kwa Kiingereza cha mawakili, yakubaliwe na mtu anayesoma Kiswahili. Huo si uhuru.

Mgawanyo wa haki unaeleweka. Mambo ya ladha, kama ukubwa wa herufi, rangi na mlio, ni ya mtumiaji. Mambo ambayo kosa lake linamla mtu fedha, siri au usalama, mtengenezaji ayaanzishe upande wa salama: video zisijicheze kwa data ya simu, makundi yasimwingize mtu kabla hajakubali, ufuatiliaji uwe umezimwa. Anayetaka vingine aachiwe mlango wa kubadilisha, na mlango huo uonekane. Bando likiliwa kabla ya hapo, wa kuulizwa ni aliyeupanga mpangilio huo.