Kidato cha nne Kapkatet: Uhuru bila kibarua

KWA miaka mingi, mwanafunzi wa kidato cha nne eneo la Kapkatet, Kaunti ya Kericho, alijua pa kukimbilia baada ya mtihani wa KCSE: mashamba ya majani chai. Ujira uliolingana na kilo alizochuma ulimnunulia viatu na nauli, tena ukampa sauti nyumbani.

Mlango huo unazidi kufungwa. Kampuni kubwa zimeleta mashine za kuchuma, hatua iliyozua ghasia Mei 2023, baadhi ya mashine zikateketezwa. Yamesalia mashamba ya wakulima wadogo, lakini huko kijana huchuma kwa nambari ya baba, na bonasi huingia katika akaunti ya baba.

Shule nayo haijaziba pengo. Katika mabweni, kijana wa miaka 18, mwenye haki ya kupiga kura, bado huamshwa kwa kengele na kuomba ruhusa ya kutoka langoni. Anayetawaliwa hivyo hadi karatasi ya mwisho atajifunza lini kujitawala?

Mtaala mpya, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, unaahidi masomo ya ufundi. Kundi hilo litamaliza 2028. Wazazi wa Bureti wana haki ya kuuliza sasa karakana ziko wapi.